Kura ya Mwenye Majeneza

Lorne Pettigrew hakuwa na maoni, na katika mji wa Corrigan Falls, kaskazini mwa Ontario, sifa hiyo ilimfaa kuliko mtaji. Alikuwa na nyumba ya mazishi, ya pekee kwa mwendo wa saa nzima wa gari, na alikuwa ametambua mapema kwamba anayezika watu wa pande zote hana budi kukubaliana na pande zote au, kwa usalama zaidi, kutokukubaliana na yeyote. Alipoulizwa kuhusu kodi, alisema ni jambo la kuangaliwa. Alipoulizwa kuhusu barabara, alisema barabara ni muhimu. Kuhusu hali ya hewa alithubutu kwenda mbali kidogo, akakiri kwamba ni baridi.

Aliamini kuwa ni kwa sababu hiyo aliteuliwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Siku hizo kazi hiyo ilitolewa na serikali iliyo madarakani kwa watu wake, na serikali ya wakati huo, ya chama ambacho kila mtu alikiita Bluu kwa rangi ya mabango yake, ilikumbuka kwamba marehemu mzee Pettigrew alikuwa akikiazima chama viti vya kukunja vya nyumba ya mazishi kila kiangazi, kwa ajili ya mandari ya wanachama. Lorne alijitahidi kulifuta doa hilo. Tangu alipoapa aliwaazima Wekundu, wapinzani wa Bluu, viti vilevile, kwa idadi ileile, na aliposikia kwamba kimoja cha Wekundu kilikuwa na mguu mbovu, alikwenda akakivunja kimoja cha Bluu.

Uchaguzi mkuu wa mkoa ule, enzi hizo, haukuwa na tarehe. Ulikuja kwa hamu ya waziri mkuu wa mkoa. Siku alipoona kwamba watu wanampenda, au alipohisi kwamba mwakani upendo huo utapungua, alikwenda kwa mwakilishi wa Malkia, bunge likavunjwa, na viti vyote, vya kusini na vya kaskazini, vikagombewa siku moja. Ndiyo maana uliitwa mkuu. Haukuitwa hivyo kwa ukuu wa wanaochaguliwa, na hilo Lorne, aliyekuwa amewazika watatu kati yao, angeweza kulishuhudia kama angekuwa na maoni.

Sheria iliyompa usimamizi ilimnyima kura. Watu wote wa jimbo waliingia nyuma ya pazia la karatasi ngumu, wakatia alama kwa penseli iliyofungwa kamba, wakatoka na siri zao. Yeye alisimama kando akihakikisha kwamba kamba ni ndefu ya kutosha. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo lingemrudishia kura yake, nalo ni wagombea wawili kulingana kileleni. Hapo msimamizi ndiye angeamua. Lorne alikisoma kifungu hicho mwaka wa kwanza, akakiona ni kama vile vifungu vya bima vinavyohusu matetemeko ya ardhi.

Mwaka ule waziri mkuu alijiona anapendwa mwezi wa Novemba. Bluu walimsimamisha Clifford Maddock, mwenye duka la mbao na misumari, ambaye alikuwa bungeni kwa vipindi viwili na kule alijulikana, na wale waliomjua, kama bwana anayekaa nyuma ya nguzo. Wekundu walimsimamisha Aili Rantanen, muuguzi wa wilaya, binti wa wakata miti wa Kifini, ambaye gari lake lilijulikana katika kila kambi na kila ziwa, na honi yake ilitambuliwa na mbwa.

Siku ya kura ilianguka theluji. Hapo ikafanya kazi yake desturi moja ambayo sheria haiitambui na kila nyumba ya kaskazini inaifuata: kufutana. Bwana wa Bluu na mkewe wa Nyekundu hutazama dirishani, huona barabara imezibwa, wakaambiana kwamba kura zao zinafutana, basi hakuna haja ya mtu kulowesha viatu. Hubaki nyumbani wote wawili, na hesabu ya nchi haipungukiwi kitu. Verna, mkewe Lorne, Bluu wa kuzaliwa, alikuwa akifutana na rafiki yake Thelma Gagnon, Nyekundu wa kuolewa, tangu wote wawili walipokuwa na meno yao. Siku hiyo walikaa jikoni kwa Verna wakacheza karata na kula vikeki vya siagi mpaka vituo vilipofungwa.

Kura zilipohesabiwa, Maddock na Rantanen walikuwa sawasawa.

Jaji Fothergill alikuja kuzihesabu upya. Alibishana na mawakili kuhusu kila karatasi yenye mashaka. Moja ilikuwa na mchoro mzuri wa samaki. Wakili wa Bluu alidai kwamba samaki anamtazama Maddock. Wakili wa Wekundu akajibu kwamba anamkimbia. Jaji aliikataa karatasi, akasema kwamba samaki amejiandikisha katika jimbo jingine. Hesabu ilibaki palepale.

Wakati huo mkoa mzima ulikuwa umekwisha kupata serikali yake. Bluu walikuwa wameshinda kwa wingi hata wengine wao walihitaji kuketishwa upande wa wapinzani kwa kukosa nafasi. Kiti cha Corrigan Falls hakikuweza kuongeza wala kupunguza chochote mahali popote, isipokuwa Corrigan Falls.

"Bwana Pettigrew," alisema jaji, akifunga mkoba wake, "Alhamisi ijayo utapiga kura yako hapa mjini, mbele yangu na mbele ya umma."

"Kwa siri, mheshimiwa?"

"Nyuma ya pazia, kama raia yeyote. Kisha nitaifungua na kutangaza mshindi. Watu wakishindwa kujumlisha, hapo siri yako itakuwa salama."

"Na nikijiuzulu?"

"Atapiga naibu wako."

Naibu wake alikuwa binamu wa Maddock. Kujiuzulu, basi, kulikuwa ni kupiga kura ya Bluu bila kushika penseli. Lorne alirudi nyumbani akiwa na wiki moja ya kubaki mtu asiye na maoni, na kuvaa maoni yoyote mbele ya mji kulimaanisha kupoteza nusu ya maiti.

Kesho yake asubuhi Clifford Maddock aliingia katika chumba cha maonyesho, akapangusa theluji, akavua kofia kwa heshima ya majeneza.

"Lorne, ndugu yangu. Nimekuwa nikifikiria. Mtu hajui siku yake."

"Hajui," alikubali Lorne, ambaye kauli hiyo ilikuwa imemlipia nyumba.

"Nataka nijipange mapema. Nisimwachie mke wangu mzigo. Lile pale, la mti mwekundu lenye vishikio vya shaba, ndilo bora?"

"Ndilo ghali."

"Basi ndilo. Naweza kulala humo nijaribu?"

Lorne hakujua sheria ya kumkataza mtu hai. Maddock alivua viatu, akapanda, akajilaza na kukunja mikono kifuani, na kutoka mle ndani sauti yake ikaja nzito kidogo. "Pana nafasi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wetu kweli. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba vile viti havijasahaulika."

"Mabega yanabana?"

"Hapana. Wewe unadhani Alhamisi itakuwaje?"

"Wanasema itakuwa baridi," alisema Lorne, akamsaidia kutoka.

Habari ilienea kabla Maddock hajafunga viatu. Mchana walifika wajumbe wawili wa kamati ya Wekundu, wakatazama jeneza la mbunge, wakaulizia lililo bora kuliko hilo. Lorne aliwaonyesha la chuma, ambalo hakuwahi kuliuza tangu alinunue. Wakaligombania, kila mmoja akitaka awe yeye atakayekufa nalo. Bluu waliposikia walikuja kwa makundi. Ilipofika Jumamosi nusu ya watu wazima wa mji walikuwa wamechagua kitambaa cha ndani, na wasichana wawili wa benki walikuwa wakibishana kati ya satini ya waridi na ya maziwa. Lorne alimwambia kila mmoja maneno yaleyale: hapokei senti mpaka Alhamisi ipite. Hilo likafasiriwa na pande zote kuwa anangoja bei ipande.

Jumapili, wakati wa kifungua kinywa, Verna aliweka kikombe chini na kukitazama.

"Lorne, nikikuambia kitu utakasirika?"

"Sijui bado."

"Siku ile ya theluji. Mimi na Thelma."

"Mlifutana, kama kawaida."

"Ndio hapo sasa." Alipanga makombo kwa kidole. "Mwaka huu mimi nilitaka kumpa Aili. Yule Maddock hajawahi kunisalimia tangu arudi na ile suti. Lakini nitamwambiaje Thelma, baada ya miaka yote nikimtukania chama chake? Nikaona aibu. Nikanyamaza, nikagawa karata."

Lorne aliweka uma mezani polepole. Thelma alikuwa Nyekundu. Verna, kumbe, Nyekundu. Hawakufutana. Walizuiana. Kura mbili za Rantanen zilikuwa zimekaa jikoni mwa msimamizi wa uchaguzi zikila vikeki, na jimbo zima lilikuwa limekwama kwa sababu hiyo. Alihisi aibu, na chini ya aibu alihisi nafuu kubwa sana: si lazima awe na maoni, watu walikuwa wamekwisha kuamua. Ilimpasa tu kurudisha kilichokuwa chao.

Nafuu hiyo ilidumu mpaka baada ya ibada. Thelma alikuja na sufuria ya supu ya njegere, akakataa kuvua koti, akamvuta kando karibu na jiko.

"Shemeji, sijalala. Usimwambie Verna."

"Nisimwambie nini?"

"Sikutaka kumpigia Aili. Maddock amempa kijana wa dada yangu kazi kwenye mbao, mtoto amekaa bure miaka miwili! Nikasema safari hii namlipa Maddock, basi, Mungu atanisamehe. Lakini Verna angenicheka mpaka kaburini. Ndiyo nikakubali tufutane."

Lorne alimtazama kwa muda.

"Kwa hiyo mlifutana," alisema.

"Si ndiyo tulivyokubaliana? Mbona unanitolea macho hivyo?"

Alimshukuru kwa supu. Mkewe na rafiki yake walikuwa wamesalitiana kwa usahihi kiasi kwamba hakuna kilichobadilika, na matakwa ya watu, aliyoyashika mkononi kwa muda wa ibada moja, yalikuwa yamerudi yalikotoka.

Jumanne adhuhuri gari la Aili Rantanen lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma. Ndani yake, chini ya blanketi la sufu, alikuwamo mzee mtega wanyama kutoka Pike Lake.

"Samahani nimekuletea mwenyewe," alisema. "Gari lako lisingepita kule. Langu lenyewe nimelisukuma mara mbili."

Walimwingiza ndani. Kazi hiyo walikuwa wameifanya pamoja mara nyingi, na hawakuhitaji kuulizana nani ashike kichwa. Alipokwisha kunawa mikono Aili alikaa kwenye kiti cha kukunja, akakipokea kikombe cha kahawa kwa mikono yote miwili.

"Umekuja kuchagua jeneza, Sista?"

"La nini? Mimi nitachomwa. Na usinichuuzie chombo cha majivu, Lorne, kopo la kahawa linanitosha."

"Wenzako wamechukua la chuma."

"Nimesikia. Nimewaambia ni wajinga, wakasema siijui siasa." Alikunywa. "Sikuombi kura. Lakini ukiniuliza kama nataka kwenda, nataka. Yule mzee angekuwa anakula supu sasa hivi kama kungekuwa na hospitali mjini hapa. Nimechoka kufika nimechelewa. Kule naweza kupiga meza."

"Utapiga meza nyuma ya nguzo. Serikali ni ya Bluu."

"Basi nitaanza na nguzo."

Lorne alimwongezea kahawa. "Ukienda, nani atakwenda Pike Lake?"

"Wataleta mwingine."

Kabla ya Aili kuja nafasi ile ilikuwa imekaa wazi miaka minne, na katika miaka hiyo biashara ya Lorne ilikuwa imestawi. Wote wawili walilijua hilo. Aili alilitazama blanketi lililokunjwa.

"Wataleta," alirudia, kwa sauti ile ambayo wauguzi humwambia mgonjwa kwamba haitauma.

Gari lilipoondoka, Lorne alibaki amesimama mlangoni, na baridi ikaingia, na akatambua kwa hofu kwamba kitu fulani kilikuwa kimemtokea. Alikuwa na maoni.

Aliyageuza upande huu na ule kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe asiyejulikana. Kwa miaka yote alikuwa amesimama kando ya penseli akidhani kwamba watu wanaulizwa nani anafaa. Lakini uchaguzi mkuu, alivyouona sasa, ni siku ambayo majimbo yote kwa pamoja hutoa mtu mmoja mmoja na kumpeleka mbali, akae huko miaka kadhaa, arudi kiangazi akiwa amenenepa. Mji wenye akili haumtoi mtu wake bora. Mji wenye akili hujiuliza ni nani unayeweza kuishi bila yeye. Maddock alipokuwa mji mkuu, duka lake liliendeshwa na mkewe, misumari ilipatikana, na chenji ilirudishwa kamili. Na kama majimbo mengine nayo yalikuwa yakifuata hesabu hii kimyakimya, basi yalikuwa yanaelezeka mambo mengi kuhusu bunge ambayo magazeti yalikuwa yakiyahangaikia bure.

Alijua pia kwamba huenda anakosea. Huenda mwanamke yule angeipiga meza ile mpaka hospitali ianguke kutoka ndani yake. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi kuhusu maoni: kwamba mtu anaweza kuwa nayo na yasimfariji.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa mdogo, kwa hiyo Alhamisi watu walikusanyika katika klabu ya mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, Bluu kushoto, Wekundu kulia, wote wamekalia viti vya Pettigrew. Pazia la karatasi ngumu lilisimamishwa juu ya meza ya vikombe vya ushindi. Lorne aliingia nyuma yake. Penseli ilikuwa imefungwa kamba, aliifunga mwenyewe. Alikaa humo muda mrefu hata mtu mmoja upande wa Bluu akauliza kwa sauti kama amefia humo, na kama ni hivyo nani atamzika.

Alitoka, akampa jaji karatasi. Jaji aliifungua, akaitazama bila uso wake kusema lolote, na hilo Lorne alilionea wivu.

"Clifford Maddock," alisema.

Upande wa kushoto ulilipuka. "Tulijua tu!" alipiga kelele mmoja. "Mtoto wa mzee Pettigrew! Atakwenda wapi?" Maddock alikuja mbio, akamkumbatia mbele ya watu wote, akamwambia sikioni, lakini kwa sauti ya mkutano, "Baba yako angelia kwa furaha, Lorne."

Lorne alikuwa amejitayarisha kwa hasira ya Wekundu. Hakujitayarisha kwa shukrani. Alipokuwa amesimama mle mikononi mwa mbunge, aliona miaka yake yote ya kutokuwa na maoni ikisomwa upya na mji mzima na kueleweka kuwa ni uongo wa muda mrefu.

Upande wa kulia watu waliinuka. Kila mmoja alikikunja kiti chake, akakiegemeza ukutani kwa uangalifu wa matusi, akatoka. Thelma ndiye aliyepita mwisho. Kura aliyotaka kuipiga siku ya theluji ndiyo hii iliyopigwa, lakini hilo halikumzuia.

"Kwa hiyo ni viti, shemeji? Viti tu?"

Angemjibu nini? Kumwambia kwamba amemchagua Maddock kwa sababu hana kazi hapa mjini kungekuwa ni kumtukana mbunge wa jimbo siku ya ushindi wake. Kumwambia kwamba amemwacha Aili kwa sababu ni mtu muhimu kungesikika kama kejeli. Alinyamaza, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ni jibu.

Jioni hiyo Wekundu walianza kufuta majeneza yao. Kesho yake asubuhi Bluu nao walifuta ya kwao, kwa kuwa haja ilikuwa imekwisha. Maddock alituma mtu kusema kwamba, baada ya kutafakari, anajisikia mzima. Hata maiti walianza kumpita: familia mbili za Wekundu zilipeleka wazee wao kwa mzikaji wa mji wa jirani, saa nzima kwenye barafu, na mkutano mkuu wa chama chao mwaka huo ulifanyika wajumbe wakiwa wamesimama, tangu sala ya kufungua hadi hotuba ya mweka hazina, ili mtu asikae kwenye viti vya Pettigrew.

Aili alirudi baada ya siku chache na bibi mmoja kutoka kambi ya mbao. Alifungua mlango wa nyuma wa gari bila kusalimu.

"Umenichagulia kazi niliyokuwa nayo," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuniuliza."

"Uliniambia, Sista. Ulisema unataka kwenda."

"Na ukasikia."

"Nilisikia."

Alimtazama kama mtu anayepima homa. "Shika miguu," alisema. Majira yote ya baridi hakuzungumza naye jambo jingine isipokuwa la marehemu.

Lorne alijiuzulu usimamizi wakati barafu ya ziwa ilipoyeyuka. Naibu wake alichukua nafasi, na Bluu wakampa Lorne saa ya ukutani yenye maneno ya shukrani kwa uaminifu wake, ambayo Verna aliitundika ndani ya kabati. Maddock alirudi nyuma ya nguzo yake. Hospitali haikujengwa. Lakini mwaka wa pili ulitumwa mjini muuguzi wa kusaidia, binti wa kusini aliyekuja kwa miezi michache, akaolewa na fundi wa reli, akabaki. Na Aili alikwenda naye kila ziwa na kila kambi, mpaka mbwa wakaizoea honi ya pili.

Baada ya miaka mitatu waziri mkuu alijiona anapendwa tena, safari hii mwezi wa Februari. Wagombea walikuwa walewale. Siku ya kura, mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, na barabara zote za Corrigan Falls zikawa kioo. Simu ya Pettigrew ililia kabla ya saa sita mchana.

"Shemeji, ni mimi," alisema Thelma. "Verna yuko?"

"Ametoka kwenda kupiga kura."

"Si nilijua! Tangu siku ile tulipoambiana ukweli amekataa kufutana na mimi. Anasema hajui tena anafuta nini. Sasa sikiliza. Mimi nimerudi kwa Aili, yule kijana wa dada yangu, Maddock amemfukuza kazi. Wewe ni Bluu, mji mzima unajua. Kwa nini tuvunjike mifupa sote wawili? Kaa nyumbani, nami nikae."

Lorne alitazama dirishani. Jirani yake alikuwa akishuka ngazi akiwa amekaa.

"Hapana, Thelma. Mimi natoka."

"Kwenye kioo hiki? Kwa ajili ya Maddock? Maddock mwenyewe hajatoka!"

"Kura ni siri, Thelma."

"Siri! Yako wewe? Watu wote waliiona, shemeji, ilisomwa na jaji!"

"Ile ilikuwa ya kazi," alisema Lorne. "Hii ni yangu."

Alivaa viatu vya misumari na kofia ya masikio, akaenda kwa hatua fupi akishika uzio mmoja baada ya mwingine. Shuleni, penye kituo cha kura, binamu wa Maddock alimpa karatasi, akamkonyeza. Nyuma ya pazia palikuwa na penseli, na kamba ilikuwa fupi kuliko alivyopenda. Mji ulikuwa na wauguzi wawili sasa, na mmoja angeweza kwenda kupiga meza za watu. Alitia alama bila kusita, akaikunja karatasi mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, akaisukuma ndani ya sanduku mpaka akahakikisha imeanguka.

Mlangoni alikutana na Maddock, ambaye alikuwa amefika hatimaye, ameshikiliwa na watu wawili asianguke.

"Lorne, ndugu yangu!" Alimshika mkono, akaubana. "Kwenye hali kama hii! Husemi, lakini mimi najua."

Lorne alikubali kwamba ilikuwa baridi.